Amri zisizo na jina: vitufe vyangu vya Emacs

Kazi yangu ni kuhariri faharasa na kamusi ndogo za Kiswahili, na chombo ninachoshinda nacho kutwa nzima ni Emacs, programu ya kompyuta ya kuhariria matini. Nilikichagua kihariri hiki kwa sababu moja, nayo ni kwamba kila kitufe chake kinaweza kupewa kazi ninayoitaka mimi, hata kama hakuna mtu mwingine anayeihitaji. Mhariri wa kamusi huandika vitu vilevile maelfu ya mara: alama ya ngeli, kifupisho cha aina ya neno, apostrofi ya ng’, saa ya kuanza kazi na saa ya kuiacha. Nilianza kuvipa vitufe kazi hizo mapema sana, na kwa miaka kadhaa nilifanya hivyo kwa njia moja tu, yaani kwa fanksheni (vipande vya msimbo vinavyofanya kazi fulani) zisizo na jina. Zilinisaidia sana, na pia ziliniponza. Nataka kueleza kwa makini mambo yote mawili, kwa sababu maelezo mengi ninayoyaona husema ama zitumie popote, ama usizitumie kabisa, na kwa uzoefu wangu ushauri wote huo haukidhi haja.

Anayeanza kutumia Emacs hudhani kwamba kuna vitufe vya kawaida, vinavyoandika herufi, na vitufe vya pekee, vinavyotoa amri. Kwa kweli vyote hutoa amri. Ukibonyeza herufi a, programu hutazama jedwali lake la vitufe, hukuta kwamba a imefungwa kwenye amri iitwayo self-insert-command, kisha huiendesha amri hiyo, nayo ndiyo inayoandika a. Ukishikilia Control ukabonyeza f, jedwali lilelile huelekeza kwenye amri ya forward-char, na kielekezi husogea mbele kwa herufi moja. Kwa hiyo anayebadilisha kazi ya kitufe haingilii undani wa programu wala havunji kitu. Anaandika tu ingizo jingine katika jedwali ambalo tangu mwanzo liliachwa wazi ili aandike.

Uwazi huo ni wa tangu asili. Emacs ya kwanza, iliyotokea mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya MIT huko Marekani, ilikuwa mkusanyiko wa makro, yaani mifuatano ya amri iliyohifadhiwa, za kihariri kilichoitwa TECO, na Richard Stallman na Guy Steele walikuwa miongoni mwa waliozikusanya na kuzipangia utaratibu mmoja. GNU Emacs tunayoitumia leo ilianza kusambazwa mwaka 1985, ikiwa na lugha kamili ya kuandikia programu ndani yake, yaani Emacs Lisp. Lisp ni kongwe kuliko kihariri chenyewe: John McCarthy aliianza mwaka 1958, na neno lambda, ambalo katika Lisp huanzisha fanksheni isiyo na jina, alilichukua kutoka kwa mwanahisabati Alonzo Church, ambaye katika miaka ya 1930 aliitumia herufi hiyo ya Kigiriki kuandikia fanksheni bila kulazimika kwanza kuipa jina. Fanksheni isiyo na jina ilikuwa na umri wa miaka hamsini hivi ilipofika kwenye kihariri chetu.

Ya kwanza niliyoiandika ilikuwa hii:

```
(global-set-key (kbd "C-c g")
                (lambda () (interactive) (insert "ng’")))
```

Maana yake ni kwamba nikishikilia Control na kubonyeza c, kisha nikaziachia na kubonyeza g, programu iniandikie ng’ yenye apostrofi iliyopinda. Kibodi yangu ina apostrofi iliyonyooka tu, na mchapishaji wa kwanza niliyefanya naye kazi alitaka iliyopinda. Kabla ya hapo nilikuwa naandika iliyonyooka, kisha mwishoni mwa siku napitia ng’ombe, ng’ambo, kung’aa na kunyang’anya neno kwa neno nikizirekebisha. Kwa mistari hii miwili kazi hiyo ilikwisha, na furaha niliyoipata jioni ile naikumbuka hadi leo.

Herufi ninazozitumia baada ya C-c sikuzichagua ovyo. Mwongozo wa Emacs Lisp umeweka desturi kwamba C-c ikifuatwa na herufi moja ni mali ya mtumiaji, na kwamba vitufe vya F5 hadi F9 navyo ni vyake, hivyo waandishi wa programu za nyongeza wanatakiwa wasiviguse. Anayefunga amri zake nje ya eneo hilo anajitafutia ugomvi, kwa sababu siku moja atasakinisha programu nyingine na kukuta kitufe chake kimebadilishwa kazi. Nimeona watu wengi wakililaumu toleo jipya la programu, kumbe walijenga kwenye kiwanja cha jirani.

Neno interactive lililomo katikati ya mabano si la urembo wala haliachwi. Ndilo linaloiambia Emacs kwamba fanksheni hii ni amri, yaani inaweza kuitwa na mtu kwa kitufe, na siyo tu na programu nyingine. Ukilisahau, kitufe kitakubali kufungwa bila lawama, lakini siku utakapokibonyeza utaletewa ujumbe wa kosa unaotaja commandp na kukuonyesha fanksheni yako nzima. Kila ninayemfundisha hulisahau mara ya kwanza, na mimi nililisahau zaidi ya mara moja.

Baada ya ng’ niliongeza nyingine, na nyingine. Urahisi wake ulikuwa kwamba sikuhitaji kufikiria jina. Watu wasioandika programu hawajui jinsi kutoa jina kunavyogharimu: ukitaka kulipa jambo jina lazima uwe umeshaelewa linaanzia wapi na linaishia wapi, wakati mara nyingi unachotaka ni kulijaribu kwanza ndipo uelewe. Lambda hukuruhusu kuandika jambo hapohapo penye kitufe, ulijaribu, na ulifute baada ya dakika tano bila kuacha alama. Katika Emacs kuna kitu kinachofanana nayo ambacho hata hakihitaji msimbo, nacho ni makro ya kibodi: unabonyeza F3, unafanya kazi yako kwa mkono mara moja, unabonyeza F4 kumaliza kurekodi, na kuanzia hapo kila F4 inarudia ulichofanya. Nayo huzaliwa bila jina, na ukiipenda unaweza kuipa jina au kuifunga kwenye kitufe. Waliokijenga kihariri hiki walielewa kwamba kazi nyingi huanza kama jaribio.

Tatizo ni kwamba majaribio hukua. Mfano mzuri ni saa. Huweka daftari la kazi ambamo naandika nimeanza saa ngapi na nimeacha saa ngapi, na lambda yangu ya kwanza ya kuingiza saa ilikuwa fupi sana, kwa sababu Emacs ina fanksheni ya format-time-string inayotoa saa kwa mtindo wowote. Lakini ilitoa saa ya kompyuta, na mimi daftari langu ni la Kiswahili. Saa 7:30 ya kompyuta kwangu ni saa 1:30 asubuhi. Nikaongeza hesabu: ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, chukua baki. Ikawa sawa hadi saa kumi na mbili, kwa sababu sita na sita ni kumi na mbili, na baki lake ni sifuri. Daftari likaandika saa 0:15, saa ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuiishi. Nikaongeza sharti kwamba baki likiwa sifuri, iandike kumi na mbili. Kisha nikaona kwamba saa 2:00 ya asubuhi na saa 2:00 ya usiku hazitofautiani, nikaongeza masharti ya asubuhi, mchana, jioni na usiku, na hapo nikaanza kusita: je, saa 10:00 ni alasiri au jioni, na alfajiri inaishia wapi? Mabano yalifika sita mwishoni mwa mstari. Fanksheni isiyo na jina ilikuwa imekuwa na kurasa zake, nami kila nilipotaka kuirekebisha nilikuwa natafuta ndani ya orodha ya vitufe kitu ambacho hakikuwa tena suala la kitufe.

Leo imekaa hivi, bila vipindi vya siku, ambavyo nimevihamishia kwenye fanksheni nyingine ndogo:

```
(defun mhariri-weka-saa ()
  "Ingiza saa ya sasa kwa hesabu ya Kiswahili."
  (interactive)
  (let* ((sasa (decode-time))
         (saa (mod (+ 6 (decoded-time-hour sasa)) 12)))
    (insert (format "saa %d:%02d"
                    (if (zerop saa) 12 saa)
                    (decoded-time-minute sasa)))))

(global-set-key (kbd "C-c s") #'mhariri-weka-saa)
```

Mstari wa kitufe sasa unasema kitufe tu, na hesabu imekaa mahali pake. Naweza kuijaribu bila kubonyeza kitufe, naweza kuiita kutoka katika amri nyingine, na nikiirekebisha na kuiagiza Emacs iisome upya, kitufe hufuata marekebisho bila kufungwa tena, kwa kuwa jedwali la vitufe limeshika jina, na jina ndilo linaloelekeza kwenye fanksheni iliyopo kwa wakati huo.

Hilo la mwisho nilijifunza kwa uchungu, na si kwenye vitufe bali kwenye ndoano. Ndoano, kwa wasiozijua, ni orodha za fanksheni ambazo Emacs huziendesha zenyewe jambo fulani likitokea; iitwayo before-save-hook huendeshwa kila kabla ya faili kuhifadhiwa. Nilikuwa nimeitundikia lambda iliyopitia faili za matini na kubadilisha kila ng' iliyonyooka kuwa iliyopinda, iwapo C-c g ingenisahaulika. Baada ya miezi kadhaa nikaanza mradi wa mchapishaji mwingine, ambaye alitaka apostrofi iliyonyooka kila mahali. Nikaifungua ile lambda, nikageuza mwelekeo wake ili iliyopinda iwe iliyonyooka, nikaisoma upya papo hapo bila kuizima Emacs, ambayo kwangu hukaa wazi wiki nzima, nikaendelea na kazi.

Kila nilipohifadhi, apostrofi zilirudi kupinda. Nilizirekebisha kwa mkono, nikahifadhi, zikapinda tena. Nilidhani faili lina kasoro, kisha nikashuku fonti. Nilipoteza siku nzima kabla sijafikiria kuiuliza Emacs ndoano yenyewe ina nini, nikakuta fanksheni mbili, ile mpya na ile ya zamani. Amri ya kuongeza kwenye ndoano hukagua kama fanksheni unayoileta imo tayari, lakini hukagua kwa kulinganisha, na lambda iliyogeuzwa haifanani tena na ya awali, kwa hiyo ilihesabiwa kuwa mgeni. Tena kwa kawaida anayeongezwa mwisho huwekwa mbele. Hivyo katika kila uhifadhi fanksheni mpya ilitangulia kunyoosha apostrofi zote, na ya zamani ikafuata nyuma yake ikizipinda zote upya. Kuiondoa ya zamani nako kulikuwa shida, kwa sababu amri ya kuondoa inataka uitaje fanksheni unayoiondoa, na kitu kisicho na jina hutajwa kwa kukiandika tena chote neno kwa neno, nami maandishi ya awali nilikuwa nimeshayafuta. Nikaizima Emacs na kuiwasha upya.

Madhara hayakuishia kwenye siku iliyopotea. Faharasa ile nilikuwa naipanga kwa alfabeti kwa amri ya sort-lines, ambayo hulinganisha herufi kwa namba zake katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake. Apostrofi iliyonyooka ina namba ndogo kuliko herufi zote, kwa hiyo ng'ombe akiandikwa nayo hupangwa kabla ya ngalawa. Iliyopinda ina namba kubwa kuliko z, kwa hiyo ng’ombe huyohuyo akiandikwa nayo hupangwa baada ya ngwena. Sehemu za mswada zilizokuwa zimepangwa kabla ya kosa na zile zilizopangwa baadaye zilipounganishwa, maneno ya ng’ yalitapakaa pande mbili za ng, na mengine yaliingizwa mara mbili kwa sababu kila mhariri aliyeyatafuta mahali alipoyatarajia hakuyaona. Tulitumia wiki kuyarudisha.

Laiti ndoano ile ingekuwa na jina, hayo yote yasingetokea. Ningeifafanua upya kwa jina lilelile, na ndoano, iliyoshika jina mara moja tu, ingeendesha maana mpya. Kwa vitufe hatari hii haipo kwa ukali huo, kwa kuwa kitufe kimoja hubeba amri moja, na ukikifunga upya ya zamani huondoka. Ndiyo maana kanuni yangu kuhusu ndoano ni kali na haina ubaguzi: hakuna lambda kwenye ndoano. Kuhusu vitufe nina ulegevu zaidi, ingawa nako kuna jambo lililonibadilisha.

Kijana mmoja alijiunga nasi kusaidia kuhariri vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa katika kamusi, nami nikampa nakala ya faili langu la mipangilio ili asianze na mikono mitupu. Siku ya tatu aliniita.

“Dada, samahani, nimebonyeza C-c l kwa bahati mbaya na orodha yote imehama. Hiki kitufe kinafanya nini?”

“Bonyeza C-h k, halafu hichohicho kitufe, kitakueleza chenyewe.”

“Shikamoo kwa mara ya pili, Dada, kwa sababu nimefanya hivyo na kimenieleza mabano matupu.”

Nikaenda nikatazama kwenye kompyuta yake. Emacs huwa inajivunia kwamba inaweza kujieleza: kila kitufe kinaweza kuulizwa, na kila amri ina maelezo yake. Lakini pale ilipotakiwa kutaja jina la amri iliweka fanksheni yenyewe, kuanzia lambda hadi bano la mwisho, na maelezo hayakuwapo kwa sababu sikuwa nimeyaandika. Tukafungua orodha nzima ya vitufe kwa C-h b, tukakuta kwamba mbele ya kila kitufe changu, mahali penye jina la amri, palikuwa na neno moja ndani ya mabano ya mraba, lilelile kwa vitufe vyote. Katika matoleo ya zamani ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana palikuwa na alama mbili za kuuliza tu. Mimi nilivijua vyote kwa vidole. Kwake yeye nilikuwa nimempa nyumba yenye milango arobaini isiyo na alama.

Ni kweli kwamba lambda inaweza kubeba maelezo; ukiandika sentensi ndani ya alama za kunukuu kabla ya interactive, C-h k itaionyesha. Wachache hufanya hivyo, kwa kuwa aliyekwepa kutoa jina hana moyo wa kutoa maelezo. Na hata ukifanya hivyo bado amri hiyo haiitwi kwa M-x (Alt pamoja na x), yaani haiwezi kutafutwa kwa kuandika sehemu ya jina lake, kwa hiyo aliyesahau kitufe ameipoteza. Hili ndilo ninaloliona kuwa hasara kubwa kuliko zote. Kitufe husahaulika upesi sana usipokitumia kwa mwezi mmoja, lakini jina zuri hukumbukwa, au angalau hukisiwa.

Basi tulikaa naye alasiri mbili tukizipa amri majina, na jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba majina hayo yalikuwa ya Kiswahili. Emacs Lisp haijali jina ni la lugha gani, na mimi kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulitumia uhuru huo kwa sababu sikuwa natoa majina kabisa. Desturi ya Lisp ni kuanza na kiambishi kimoja kinachoonyesha amri ni za nani, tukachagua mhariri-. Baada ya hapo tulibishana kama kitenzi kikae katika hali ya kitenzijina au ya kuamrisha. Yeye alipendelea kuweka na kupanga, kama vidahizo vya kamusi. Mimi nilisema hizi ni amri, na amri kwa Kiswahili ni weka, panga, tafuta, futa. Nikashinda. Sasa anayebonyeza M-x na kuandika mhariri- akiomba ukamilisho huletewa mhariri-panga-vidahizo, mhariri-weka-saa, mhariri-futa-nafasi-rudufu na nyingine, akazisoma kama mtu asomavyo yaliyomo katika kitabu. Tulikwama mahali pamoja tu: apostrofi katika Lisp ni alama yenye kazi yake, inayozuia kitu kisikokotolewe, kwa hiyo neno lenye ng' haliwezi kuingia katika jina pasipo kukingwa kwa mkwaju wa nyuma. Tukakubaliana kuyaepuka maneno hayo katika majina ya amri, jambo lililonisikitisha kidogo kwa kuzingatia kwamba ng’ ndiyo iliyonileta huku.

Hata hivyo sikuzitoa lambda zote, na zilizobaki zimebaki kwa sababu. Tazama alama za ngeli. Katika faharasa zetu kila nomino hufuatwa na alama ya upatanisho wake ndani ya mabano ya mraba, na alama zinazotumika sana ni sita. Kuandika amri sita zenye majina sita, zinazotofautiana kwa herufi chache zilizomo ndani yake, ni kujaza faili bila faida. Badala yake nina orodha na kitanzi:

```
;;; -*- lexical-binding: t; -*-

(dolist (ngeli '(("a" . "[a-/wa-]")
                 ("u" . "[u-/i-]")
                 ("l" . "[li-/ya-]")
                 ("k" . "[ki-/vi-]")
                 ("i" . "[i-/zi-]")
                 ("z" . "[u-/zi-]")))
  (global-set-key (kbd (concat "C-c n " (car ngeli)))
                  (lambda ()
                    (interactive)
                    (insert (cdr ngeli)))))
```

Kitanzi kinazunguka mara sita, na kila mara kinazaa fanksheni mpya na kuifunga kwenye kitufe chake. C-c n k inaandika [ki-/vi-], C-c n l inaandika [li-/ya-]. Nikitaka kuongeza ya mahali naongeza mstari mmoja kwenye orodha. Hapa jina lingekuwa mzigo, kwa kuwa kinachozitofautisha fanksheni hizi kimeshaandikwa waziwazi katika orodha yenyewe, na anayetaka kujua kitufe kinafanya nini anakiona pale juu kwa jicho moja.

Mstari wa kwanza, wenye lexical-binding, ndio unaoifanya kazi hii iwezekane, na usipowekwa juu kabisa ya faili utapata kosa litakalokushangaza. Kwa kanuni ya zamani ya Emacs Lisp, fanksheni haikumbuki mazingira iliyozaliwa ndani yake. Kitanzi kikiisha, kigeu cha ngeli, yaani jina lililoshika thamani ya kila mzunguko, kinatoweka, na siku utakapobonyeza kitufe fanksheni itakitafuta na kuambiwa kwamba ngeli haina thamani yoyote. Tangu toleo la 24.1 la mwaka 2012, faili lenye mstari ule hufuata kanuni nyingine, ambayo kwayo kila fanksheni huondoka na kile kilichokuwa mkononi mwake wakati inazaliwa: ya kwanza na [a-/wa-], ya pili na [u-/i-], kila moja na yake. Zamani watu walizunguka tatizo hilo kwa kuichoma thamani ndani ya lambda kwa alama ya nukuu ya nyuma na mkato, mbinu ambayo bado utaikuta katika mafaili ya mipangilio ya wakongwe. Inafanya kazi, lakini siipendekezi kwa anayeanza leo.

Marafiki zangu wanaotumia Neovim, kihariri kingine, wamefika kwenye suala hilohilo kwa njia yao. Tangu toleo la 0.7 la mwaka 2022 wana vim.keymap.set, inayopokea fanksheni ya lugha ya Lua moja kwa moja pale ambapo awali walilazimika kuandika amri kama mfuatano wa herufi tu. Pamoja na fanksheni wanaweza kuweka maelezo mafupi katika sehemu iitwayo desc, na maelezo hayo ndiyo yanayoonekana wanapoorodhesha vitufe. Ni mpango mzuri ninaouonea wivu, kwa kuwa unaondoa theluthi mbili ya lawama zangu: fanksheni inabaki bila jina lakini haibaki bila maelezo. Tena Lua, iliyoanzishwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha Kikatoliki cha PUC-Rio nchini Brazili, huzihesabu fanksheni zote kuwa hazina jina. Unachokiona kama jina ni kigeu tu kilichoishika fanksheni. Kwa kweli hata katika Emacs ni hivyo. Ukilifungua neno defun, linalofafanua fanksheni yenye jina, ndani yake utakuta lambda ileile, ikiambatanishwa na alama. Kwa hiyo kuihamisha amri kutoka hali moja kwenda nyingine si kuiandika upya. Msimbo ni uleule, unachoongeza ni mahali pa kuushikia.

Kwa sasa nafanya hivi. F5 nimekitenga kiwe kitufe cha majaribio. Wazo lolote jipya linaandikwa humo kama lambda, mwishoni kabisa mwa faili, chini ya maoni yasemayo “majaribio”, na wazo linalofuata linaliondoa la awali bila huruma, kwa kuwa kitufe hakibebi mawili. Nikiona baada ya kuliondoa kidole changu bado kinaenda F5 kulitafuta, nalirudisha kwa defun, nalipa jina la mhariri- na sentensi moja ya maelezo, na kulitafutia herufi yake baada ya C-c. Mengi hayarudi. Lililomo sasa linatafuta nomino (kwa kifupisho nm) zilizoachwa bila alama ya ngeli:

```
(global-set-key (kbd "<f5>")
                (lambda ()
                  (interactive)
                  (re-search-forward " nm [^[]")))
```

Limekaa wiki tatu, na jana yule kijana aliniuliza kama anaweza kulinakili kwake. Nilimwambia asubiri hadi kesho, kwanza tukubaliane liitwe mhariri-tafuta-bila-ngeli au mhariri-kagua-ngeli.